Njia ya Panya Ndani ya Pafu

Kanisani kwetu Busibwabo akina mama wameshanizoea. Mtoto mchanga akiletwa, wenzangu wanasifu kofia na soksi, mimi nangoja apige miayo nione ulimi. Wengine hununa, wakidhani namtafutia mtoto kasoro. Wacha wanune. Nilifanya kazi wodi ya watoto wachanga mjini Busia mpaka nikaambiwa miaka imetosha, nikapewa keki, blanketi na sufuria kubwa, nikarudi nyumbani kulima mihogo. Mikono iliacha kazi siku hiyo hiyo, lakini jicho limekataa kustaafu.

Haya nawaambia nyinyi wauguzi vijana mnaopita hapa kwangu asubuhi mkienda kazini, mkinisalimia "mulembe kukhu," yaani amani bibi, bila kuinua macho kwenye simu. Mkitaka kusifiwa, nendeni kwa mama zenu. Kwangu mtapata ya kazi, na mtauvumilia huu mdomo, maana ndio nilioajiriwa nao na ndio niliotoka nao.

Tuanze basi na huo ulimi. Vitabu vyenu vina picha za watoto wa kizungu. Yule akikosa hewa anageuka buluu, hata kipofu anaona. Wa kwetu ana rangi yake ya kuzaliwa, na midomo ya watoto wetu wengi ina weusi wake wa kawaida. Vidole navyo ni waongo. Mtoto akipigwa na baridi kidogo tu, vidole vinageuka, naye ni mzima kabisa. Ulimi hauna uongo. Ukiwa mwekundu, damu imepata hewa. Ukiwa na rangi ya tunda la zambarau, weka chini kikombe chako cha chai na uanze kazi.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Sista Konsolata, mama mfupi wa Nambale aliyekuwa mkubwa wetu wodini. Nilipokuwa mgeni wa kazi, alinikuta nikiandika kwamba mtoto fulani "yuko sawa." Akaniuliza, "Sawa na nani?" Akanishika mkono mpaka dirishani, akamgeuza mtoto kwenye mwanga, akaniambia nimtazame mpaka niwe na neno la kusema. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe nikasema, anapumua kwa tumbo, pua inapanuka kidogo, ulimi ni mwekundu, mguu wa kushoto una baridi kuliko wa kulia.

"Sasa umemwona," akasema, akaenda zake.

Ndiye pia aliyetufundisha kupasha mikono moto kabla ya kumgusa mtoto. Yeye alikuwa anaitia kwapani huku akitoa amri, na wageni walidhani amewanunia. Nyinyi mna glavu, vizuri, lakini glavu baridi ni baridi tu.

Siku zile mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja, tunaugawa kwa mipira kama watu wa shamba moja wanaogawana mfereji wa maji. Mwisho wa kila mpira tulitia ndani ya chupa ya maji, na maji yakibubujika tunajua hewa inafika. Wodi nzima ilikuwa inabubujika mchana kutwa. Ukiandika, unasikiliza. Ukila, unasikiliza. Chupa moja ikinyamaza, unakimbia kabla hujajua unakimbilia nani. Mpaka leo, sufuria ya mihogo ikichemka jikoni na maji yakikauka, nashtuka nasimama. Nazikosa zile chupa, siwafichi. Nawakosa hata wale niliogombana nao juu ya zile chupa.

Ile mashine ya kufunga mguuni, inayolia ti, ti, ti na kuonyesha kiasi cha oksijeni kwenye damu, ilipofika mara ya kwanza, Sista Konsolata hakuiamini hata kidogo. Aliifunga kwenye kidole chake, ikatoa namba. Akaifunga kwenye pembe ya shuka, ikatoa namba pia. Alicheka mpaka akakaa chini. "Shuka linapumua, jamani, lipelekeni kwa mama yake linyonye." Kuanzia hapo namba ikiwa mbaya, sisi tulianza kwa kuishuku mashine. Hiyo tabia tuliirithi kwake, na kuna mahali ilitupotezea saa zetu. Nitafika hapo.

Kazi ya mpakani ina vituko vyake. Afisa mmoja wa forodha, mtu wa huruma kweli, aliwahi kumleta kwetu kwa boda boda mama aliyekuwa ameshika kiuno pale mpakani, akasema huyu anakaribia kuzaa. Nikamlaza, nikapapasa tumbo. Nimepapasa matumbo mengi lakini lile lilikuwa na pembe. Nikapapasa tena. "Ni sabuni, Sista," mama akaninong'oneza, "za miche. Tafadhali usiniaibishe." Nje afisa anangoja kusikia kama ni kijana au msichana. Nikatoka nikamwambia uchungu umepoa, arudi tu kazini. Alisema atamwombea. Mama akatoka kwa mlango wa nyuma akiwa na mimba yake ya sabuni, na mimi nikarudi kwa watoto wa kweli. Wagonjwa wetu wengi ndivyo walivyokuwa, watu wanaozijua njia za panya, vile vijia vya kukwepea forodha kupitia mashambani na mtoni, kuliko wanavyoijua barabara ya lami.

Sasa niwaambie habari za mtoto wa Amoit, maana huyo ndiye ninayemkumbuka zaidi nikikaa peke yangu.

Amoit alikuwa Mteso wa Malaba, msichana mpole, mimba yake ya kwanza. Presha ilimpanda vibaya, akaletwa kwetu akapasuliwa. Akazaliwa mtoto wa kiume, mzito, akalia vizuri, ila Amoit alikuwa bado kwenye usingizi wa dawa, hakumwona mpaka kesho yake. Mume wake, Okisai, ni dereva wa trela, na wakati huo alikuwa njiani kutoka Mombasa. Aliyekuja na Amoit ni mama mkwe wake, Mama Okisai, anayewauzia madereva chai na chapati pale kwenye foleni ya trela Malaba. Mama mwenye kifua, na sauti ya kupita juu ya injini.

Siku iliyofuata ulimi wa yule mtoto ulianza kugeuka. Tukampa oksijeni. Hakuna kitu. Tukaongeza. Hakuna. Tukabadilisha mtungi, tukabadilisha mpira, halafu tukaanza kuishuku mashine kama tulivyozoea. Nikaifunga kwa mtoto wa kitanda cha pili, ikasoma vizuri. Nikaifunga kwenye kidole changu, vizuri. Nikamrudishia yeye, mbaya. Tukazunguka hivyo mpaka nikaona aibu, kwa sababu ulimi ulikuwa unasema neno lile lile la mashine tangu asubuhi. Picha ya eksirei ikaonyesha kivuli chini ya pafu la kulia. Tukasema nimonia, tukampa dawa siku kadhaa. Lakini hakuwa na homa, wala kifua hakikuwa kikivutika ndani kama cha mtoto wa nimonia. Alikuwa tu wa zambarau na amechoka. Akipewa titi anaonja, anaacha.

Jambo moja lilinisumbua. Nikimwinua begani acheue, namba zinashuka. Nikimlaza chali, zinapanda kidogo. Kwa kawaida mtoto wa kifua anapata nafuu ukimwinua. Nikamwambia Daktari Wabwire, kijana wetu wa wodi, mtu wa kuuliza maswali mpaka yanachosha. Hakucheka. Alisema, "Hebu tumwinue tena, Sista." Tukamwinua, tukamlaza, tukamwinua. Kisha akapasha stethoskopu kiganjani, akaiweka mgongoni, chini upande wa kulia, akafunga macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Akanipa mimi. Kulikuwa na mvumo, unakuja na kwenda pamoja na mapigo ya moyo, mahali ambapo hapafai kuwa na mvumo wowote.

Akampigia simu mwalimu wake, daktari mama wa moyo wa watoto, Eldoret, akamtumia picha za eksirei. Jibu lilikuja kabla hatujamaliza kumbadilisha mtoto nepi. Mleteni, akasema, na muangalie sana msiingize hata tone la hewa kwenye dripu.

Ikabaki kumweleza nyanya, kwa sababu Okisai alisema kwenye simu, "Mama akikubali, mimi nimekubali," na Amoit naye alikuwa bado kitandani, presha haijashuka, haruhusiwi kusafiri. Daktari Wabwire akajaribu. Akasema ateri imeungana na vena bila kapilari. Mama Okisai akamtazama tu, kwa heshima, kama anavyotazamwa mhubiri wa kizungu. Nikaona hapa hatutoki.

"Mama Okisai," nikasema, "damu ikitoka kuzunguka mwilini imechoka, haina hewa. Inatakiwa ipite forodha. Forodha ni mapafu. Pale inakaguliwa, inagongwa muhuri wa hewa, ndiyo inaruhusiwa kurudi mwilini. Sasa ndani ya pafu la huyu mtoto kuna njia ya panya. Damu nyingi inapita huko, haikaguliwi, inarudi mwilini hivyo hivyo. Hii oksijeni yote tunayompa inangoja getini, na mzigo unapita nyuma."

Akauliza, "Hiyo njia ni kubwa?"

"Inaonekana ni kubwa. Hata lori linapita."

"Na hao wa Eldoret wanaiweza?"

"Wanaingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani. Unapanda mpaka kwa moyo, unaingia pafuni, unafika pale penyewe. Halafu wanaacha kizibo. Kifua hawapasui."

"Wakifunga hiyo, haitatobolewa ingine? Mimi nakaa Malaba, Sista. Njia moja ikifungwa leo, kesho watu wametoboa pale kando."

Daktari Wabwire akaniangalia, kisha akamwangalia mama. Angeweza kusema uongo mtamu. "Inaweza kutokea," akasema. "Ndiyo sababu akipona lazima awe anarudi kuangaliwa."

"Sawa. Hapo umesema ukweli." Akafunga leso yake kiunoni. "Ataenda. Lakini siwezi peana mtoto hana jina."

Mimi ni wa Bukhayo, jina la mtoto kwetu lina taratibu zake. Kwa majirani zetu Wateso, nyanya anachovya kidole kwenye ajon, ile pombe ya wimbi, anamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya watu wao waliotangulia. Jina ambalo mtoto atalinyonya, hilo amelikubali. Nikaanza kusema ambulensi inangoja, dereva ameshawasha injini. Lakini Amoit akanishika mkono pale kitandani. "Sista, mwache. Akifia njiani bila jina, tutamlia tukimwita nani?"

Nikasema pombe haiingii wodini hata nikifa. Tukakubaliana maziwa ya mama. Mama Okisai akanawa mpaka kwenye viwiko, nikamkagua kucha, akachovya kidole chake kidogo kwenye kikombe cha maziwa ya Amoit. Nikashikilia mpira wa oksijeni.

"Omuse," akasema, akitia kidole. Mtoto alifungua mdomo, akauacha wazi. "Emojong." Hakuna. "Papai." Hakuna. Akataja wengine ambao hata Amoit hakuwajua, wazee wa zamani wa upande wa pili wa mpaka. Maziwa yakachuruzika kwenye kidevu. Mtoto alikuwa anapumua tu, kwa bidii yote aliyokuwa nayo.

"Amewakataa wote," akasema. "Huyu hataki kukaa na sisi." Akaanza kumfunika blanketi, polepole, vizuri sana. "Mtoeni hii mipira. Nitampeleka nyumbani, afie kwa watu wake. Sitaki afie barabarani kwa wageni."

Daktari Wabwire akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Niliogopa. Nilijua akitoka na mtoto mlangoni, hatafika Malaba akiwa hai, na nilijua pia kwamba yule mama hakuwa mkatili wala mjinga. Alikuwa amempenda mtoto kwa namna aliyofundishwa.

"Mama Okisai, tangu jana mtoto amekataa titi," nikasema. "Amemkataa Amoit?"

Akaliachia blanketi.

"Kunyonya ni kazi. Mtu mzima akipanda mlima na gunia, ukimuuliza swali hakujibu. Si kwamba amekudharau. Hana pumzi. Huyu hana pumzi ya kukubali wala ya kukataa. Wafunge ile njia kwanza, halafu umuulize."

Akamtazama Amoit. Yule msichana hakuwa amewahi kusema neno kubwa mbele ya mama mkwe wake tangu aolewe. "Mama," akasema, "mpeleke. Utamuulizia huko."

Mama Okisai akamweka mtoto mikononi mwangu, akapanda ambulensi mbele yangu.

Sasa somo la dripu, sikilizeni vizuri. Kwa mtoto wa kawaida, kapovu kadogo ka hewa kakiingia kwenye mshipa huenda kakakwama pafuni, kakayeyuka. Hatupendi, lakini pafu linachuja. Kwa mtoto mwenye njia ya panya hakuna cha kuchuja. Kapovu kanapita moja kwa moja, kanaweza kufika kwenye ubongo. Basi safari nzima jicho langu lilikuwa kwenye ule mpira. Nikiona kitu kinang'aa, naubana, nagonga kwa ukucha mpaka kapovu kapande juu, nakatoa. Mtoto nimemlaza chali, kama alivyopenda mwenyewe. Sikuona Adungosi tukiipita wala sikusikia dereva akizungumza.

Malaba tukakwama. Mnaijua foleni ya trela ikikasirika. Zilikuwa zimejaa pande zote mbili, moja imejaribu kuipita nyingine zikabanana. Dereva wetu akapiga king'ora mpaka nikaumwa kichwa. Hakuna aliyetingishika. Pale mpakani kila mkubwa anapita na king'ora, na madereva wamekizoea. Wengine walikuwa wamelala, wengine wanapika ugali chini ya gari. Na mtungi wangu wa oksijeni ulikuwa unashuka.

Mama Okisai akafungua mlango, akateremka. Nikamwona akienda gari kwa gari akigonga milango kwa kiganja. "Wewe, amka, sogeza gari. Na wewe, rudi nyuma. Ni mjukuu wangu ako humo ndani."

"Mathe, leo hakuna chapo?" mmoja akauliza kutoka juu.

"Chapo utakula ukiona mtoto amepita."

Nawaambia, zile trela zilisogea. Moja ilipanda na tairi zake mpaka kwenye kibanda cha muuza mitumba, na mwenye kibanda akawa anamwelekeza dereva, njoo, njoo, bado kuna nafasi. Wanaume wenye mikono ya grisi walisimama kando ya barabara wamevua kofia kama tunapitisha maiti, nami nikaomba moyoni wasiwe wametabiri. Mama Okisai akarudi jasho linamtoka, akakaa, na mtungi ukatufikisha Eldoret.

Kule, yule daktari mama alikuwa mtu wa sauti ndogo na vidole virefu. Aliniruhusu niingie chumba cha mashine, nikavalishwa aproni ya risasi ya kuzuia miale, mzigo wa kutosha punda. Akapuliza dawa ya rangi kwenye mrija, na pale kwenye skrini nikaona mishipa ya pafu ikijitokeza, myembamba, inagawanyika na kugawanyika tena kama inavyotakiwa. Isipokuwa chini kulia. Pale palikuwa na fundo nene, dawa inaingia na kutoka mbio bila kusalimia mtu.

"Hiyo ndiyo njia yenu ya panya?" akaniuliza. Kumbe Wabwire alikuwa amemsimulia.

Kizibo cha kwanza kilikuwa kidogo. Kizibo hicho ni waya laini uliofumwa, unaingia umekunjwa ndani ya mrija na kufunguka ukifika. Kabla hajakiachilia, alikivuta kidogo kukijaribu, kikayumba. Kingeponyoka, damu ingekichukua na kukipeleka isikotakiwa. Akakirudisha ndani ya mrija, akakitoa, akaomba kikubwa zaidi, kwa sauti ile ile ya mtu anayeagiza chai. Hilo ndilo nililolipenda kwake kuliko ufundi wote. Kitu kikikataa, alikubali kimekataa, akaanza upya.

Cha pili akakivuta, kikashika. Akangoja. Akakiachilia.

Mnajua ile ti, ti, ti ina sauti mbili. Oksijeni ikiwa chini, mlio ni mzito. Ikipanda, mlio unakuwa mwembamba. Mimi nilikuwa nimesikia ule mzito kwa siku nyingi hata nikausahau. Sasa nikasikia mlio unapanda. Nilidhani mtu amebadilisha mashine. Ukapanda tena. Nikasogea kichwani kwa mtoto, nikamshusha kidevu kwa kidole, nikaona ulimi. Ulikuwa mwekundu. Nililia ndani ya ile aproni, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa kwenye glavu, hakukuwa na wa kunifuta. Sista Konsolata alikuwa ameshazikwa Nambale zamani, na nilitamani kumwambia yeye kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mtoto alipotolewa mipira ya kupumulia na kuruhusiwa kuonja maziwa, Mama Okisai akaomba kikombe. Akachovya kidole. "Omuse." Mtoto akakikamata kile kidole akakinyonya mpaka mama akashtuka. Akakitoa, na ili kuhakikisha akajaribu jina lingine. "Ekirapa." Huyo alikuwa mjomba wa mume wake aliyeuza shamba la ukoo akalinywa lote. Mtoto akanyonya zaidi.

"Huyu ana njaa tu," Mama Okisai akasema. "Angekubali hata jina la polisi." Akachagua Omuse mwenyewe, akasema ndilo lililotangulia. Alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akajifunika leso usoni. Nilimwacha alie.

Amoit tulimpa habari kwa simu. Picha sikumtumia. Mama aliye mbali akiona mipira kwenye mwili wa mtoto wake, hasikii tena maneno yako. Nikamwambia tu anaendelea vizuri, akamue maziwa kila mara yasikauke, tunakuja.

Tulifika Busia mchana, jua limeingia madirishani. Amoit alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, gauni limelowa maziwa. Mama Okisai alitangulia akiwa na mifuko, mimi nyuma na mtoto. Nikamnyooshea. Hakunyoosha mikono kumpokea. Akamtazama, akanitazama mimi, akamtazama mama mkwe wake.

"Sista, huyu si wangu."

Mama Okisai alitaka kucheka, akauona uso wake, akaacha.

"Wangu alikuwa mweusi," Amoit akasema. Sauti yake ilikuwa imetulia, na hilo ndilo lililonitisha. "Nilimwangalia kila siku, namjua. Kama alikufa, niambieni alikufa. Msiniletee mtoto wa mtu."

Alikuwa anasema kweli. Tangu amzae, hakuwa amemwona hata mara moja akiwa na damu yenye hewa. Yule aliyemjua alikuwa ni mgonjwa.

Nilikaa kando yake, nikafungua blanketi, nikamlaza Omuse juu ya kifua chake. Mikono yake ilibaki hewani, haigusi. Mtoto akageuza kichwa, akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akashika. Akaanza kunyonya, na hakuacha.

Amoit akamwinamia. Akatazama sikio, akatazama paji la uso, akatazama vile vidole vya miguu vikikunjuka kwa utamu. Akamgusa shavu kwa kidole, akakiondoa, akamgusa tena. Mikono ikashuka, ikamzunguka.

"Kumbe uko hivi," akamwambia.